Umri Mpya wa Bi Mize

Skrubu ya tatu iligoma kuingia, kwa hiyo nikaitoa, nikaisugua kwenye kipande cha sabuni, nikaanza upya. Mbao za mninga ndivyo zilivyo, ukizilazimisha zinapasuka. Mzee Chande alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika bomba la behewa kwa mikono miwili, akisubiri kiti chake. Aliniambia nisiwe na haraka, treni haiondoki mpaka yeye akae. Alisema kweli. Ilikuwa kanuni.

Kiti chenyewe kilikuwa na pa kuegemeza mikono, mto wa sufi, na mkanda wa kumzuia mwenyewe asidondoke kwenye kona. Ili kipate nafasi nilikuwa nimeng'oa benchi zima la abiria. Vingine vya namna hiyo nilikwisha kuvifunga katika behewa lile, na katika kila kimoja alikaa mkaguzi wa tiketi mwenye umri wa kutosha kuwa babu yake dereva. Abiria walisimama katikati ya viti hivyo, kimya, kila mmoja ameibana tiketi yake kifuani kama mgonjwa aliyeshika cheti cha daktari.

Sitaitaja nchi. Walio ndani yake wanaijua, na walio nje hawajaiulizia. Mimi ni seremala wa viti vya treni, na nimepanga chumba uani kwa Bi Mize binti Kombo, ambaye habari hii inamhusu. Si mwepesi wa kulaumu. Nitayaeleza mambo kwa utaratibu kama yalivyotokea, na msomaji ataona mwenyewe kama yupo aliyekosea. Mimi bado namtafuta.

*

Treni yetu inatoka Soko la Chumvi, inapita Kwa Mkemia na Mnara, inaishia mahali panapoitwa Mwisho wa Reli. Kwa miaka mingi watu walilipa dirishani, wakapewa tiketi, wakapanda. Huenda walikuwapo waliopanda bila kulipa. Hakuna aliyelijua hilo, na kwa kuwa hakuna aliyelijua, halikumnyima mtu usingizi.

Mambo yalianza siku gari la Mheshimiwa Burhani Tegeo, Waziri wa Mwendo na Uaminifu, lilipozuiwa kwenye makutano ya barabara na reli. Treni ilipita mbele yake polepole, naye akaona madirishani watu wanacheka. Msaidizi wake alisimulia baadaye kwamba Mheshimiwa alifika ofisini, akavua miwani, kisha akauliza, "Mtu aliyelipa, anacheka nini?"

Swali likatafutiwa jibu. Ikaundwa Idara ya Ukaguzi wa Nauli.

Wakaguzi wa kwanza walikuwa vijana waliotoka chuoni. Walipewa makoti ya kung'aa na mashine za kutoboa tiketi, wakafundishwa sheria, hesabu, na namna ya kumkamata mtu bila kumtegua bega. Kitu kimoja hawakufundishwa kwa sababu walikuwa nacho tangu nyumbani: mtoto hamuulizi mtu mzima jambo lolote kabla hajamwamkia.

Basi kijana anapanda, anamkuta mama mmoja na kikapu chake. Anamwamkia. Mama anaitikia, anamuuliza habari za nyumbani, anamuuliza ni mtoto wa nani. Kijana akitaja, mama anakumbuka kwamba shangazi wa kijana alisoma na mdogo wake, na je, ule mguu ulipona? Hakuna mtu aliyelelewa anayeweza kusema, katikati ya mguu wa shangazi, "Leta tiketi." Treni inafika Mnara, mama anashuka, anaacha salamu na pengine ndizi mbili. Ripoti ya kwanza ya Idara ilionyesha kwamba wakaguzi walikuwa wamekagua tiketi chache mno, wamepokea dua nyingi, na mmoja amepata mchumba.

Waziri aliisoma ripoti hiyo akaona kilichojificha ndani yake. Aliliambia Bunge kwamba wananchi wamegundua silaha. "Adabu," alisema, "inatumika kuihujumu Serikali." Wabunge walipiga meza, na sheria ikapita kabla ya chakula cha mchana. Ilisema kwamba tiketi isiyokaguliwa ni sawa na tiketi isiyokuwapo, na kwamba abiria atakayeshuka kabla mkaguzi hajamaliza kumsalimia atahesabiwa mtoro wa nauli. Kituo cha mwisho hakikuguswa na sheria hiyo, kwa kuwa pale abiria hashuki, hushushwa.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa Hidaya, binti wa mwisho wa Bi Mize, mwanamke wa makamo, fundi cherehani wa sare za shule. Alishuka kituo chake, Kwa Mkemia, tiketi ikiwa mkononi, wakati kijana bado anamuulizia hali ya mama yake. Hakimu aliitazama tiketi mbele na nyuma, akakubali kwamba ni halali. Akaeleza kwamba tiketi inathibitisha mshtakiwa alilipa. Haithibitishi kwamba alikaguliwa. Faini ilikuwa nauli ya nusu mwaka. Asiyelipa hukaa mahabusu ya nauli mpaka atakapolipa.

Majirani tulikwisha kuanza kuchanga. Hidaya alitukataza palepale mahakamani.

"Nikilipa faini nitakuwa nimesema sikulipa nauli," alisema. "Na mimi nililipa."

Hakimu alimwambia kwa upole kwamba hakuna anayemlazimisha, akaagiza apelekwe.

Mahabusu ya nauli iko Mwisho wa Reli, nyuma ya karakana ya zamani. Serikali inatoa maji, chakula wanaleta ndugu. Lakini si ndugu wote, kwa kuwa shangazi na binamu walishukiwa kubeba njama pamoja na ubwabwa. Langoni hupokelewa chakula cha mzazi au cha mtoto wa mahabusu, basi. Hidaya hana mtoto. Ana mama. Mama asipofika, Hidaya hali.

Hivyo kila asubuhi Bi Mize alijaza hotpoti, akaifunga kwenye kitambaa, akanunua tiketi dirishani, akapanda treni.

*

Idara ilijaribu kwanza kupiga marufuku salamu. Kijana wa kwanza aliyesema "Tiketi" bila kuamkia aliulizwa na behewa zima kalelewa na nani. Habari zikafika kwao kabla yake, na mama yake hakumfungulia mlango. Haukupita muda makoti ya kung'aa yalionekana yamevaliwa na bodaboda.

Ndipo Mheshimiwa akapata wazo ambalo magazeti yaliliita la karne. Kama kijana hawezi kumuuliza mzee, aulize mzee. Wakaajiriwa wastaafu, kuanzia miaka sitini na mmoja kwenda juu bila kikomo. Umri wa kumtoa mtu kazini ukawa umri wa kumwingiza. Wazee walihitaji ngazi za kupandia, viti, uji wa tangawizi, muuguzi, na kila mmoja mtu wa kumshikia mashine, maana mashine ilikuwa nzito. Mimi nililipwa vizuri, sina la kulalamika.

Ili kulipia ukaguzi wa nauli, nauli ikapanda. Ilipopanda, wapo walioshindwa, wakaanza kudandia bila kulipa. Wasaidizi wanasema hapo ndipo Waziri alipoonekana ana furaha kwa mara ya kwanza: watoro aliowaona kabla hawajakuwapo, sasa walikuwapo. Mwandishi mmoja wa habari alimuuliza kama ni kweli kwamba kuikamata punje moja ya mchele kunagharimu gunia zima. Mheshimiwa hakukasirika.

"Nchi haijengwi kwa nauli," alisema. "Nchi inajengwa kwa kukagua nauli. Uaminifu hauna bei, ndugu yangu, na kwa sababu hiyo hatujaupigia hesabu."

Akaongeza kwamba idadi ya abiria imeongezeka sana, jambo linaloonyesha mapenzi ya wananchi kwa treni yao. Hilo lilikuwa kweli. Mahabusu ilikuwa imejaa, na wazazi na watoto wa mahabusu walikuwa wakipanda kila asubuhi na vyakula vyao.

Behewa la mbele, lenye mapazia, halikukaguliwa. Wanaopanda humo ni waheshimiwa, na kumuuliza mheshimiwa tiketi ni kumwonyesha kwamba unamtilia shaka. Hiyo inaitwa itifaki.

Katika mabehewa yetu yalibandikwa mabango yenye picha ya jicho na maneno: JE, UNAMJUA ALIYE KARIBU NAWE? Tulikuwa tunajuana tangu utoto, lakini ukiulizwa kila siku unaanza kufikiri. Aliyekaa karibu na mlango alishukiwa kwamba anataka kukimbia. Aliyekaa katikati alishukiwa kwamba anajificha. Aliyecheka alijulikana. Nami nilijikuta nikimtazama mara mbili mwuza kuku mmoja kwa sababu tu alikuwa amelala vizuri mno.

*

Sasa nifike kwa Bi Mize na Mzee Chande.

Mzee Chande alikuwa mkaguzi mkongwe kuliko wote, miaka themanini na mmoja kwa cheti, mjane asiye na mtoto, na Idara ilijivunia kwamba hakuna abiria atakayemshinda umri. Lakini Bi Mize alimshinda. Chande alipotahiriwa, Bi Mize alikuwa msichana mkubwa, ndiye aliyewapikia uji wavulana wa jando lile. Na kabla ya hapo alimbeba mgongoni, mama yake Chande alipokwenda shamba.

Kwa hiyo kila asubuhi Bi Mize alipopanda, Mzee Chande alifungua mkanda wa kiti changu, akajaribu kuinuka, akasema shikamoo mama. Bi Mize aliitikia, akamuuliza mgongo, akamuuliza kifua, akamuuliza kama kaburi la mkewe limepaliliwa. Mzee Chande ni mtu anayejibu swali kikamilifu. Walipomaliza kaburi, treni ilikuwa Mwisho wa Reli na watu wanashushwa.

Tiketi ilikuwapo. Bi Mize aliifunga kwenye pindo la kanga, na fundo lile lilionekana na behewa zima. Ila tiketi yenyewe haikuonekana na mtu.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asilifungue tu.

"Nikimwonyesha bila kuulizwa," aliniambia, "nitakuwa nimesema mbele za watu kwamba najua ananishuku. Yule nimembeba, fundi. Siwezi kumfanyia hivyo."

Nikamuuliza Mzee Chande, nikiwa namkazia mkanda, kwa nini asimuulize tu. Akasema huwezi kuula uji wa mtu ukiwa na kidonda, halafu uzeeni ukamuuliza kama mwizi. Alitamani sana kuiona ile tiketi, alisema. Wote wawili walitamani jambo hilo liishe. Hakuna aliyeweza kulianza.

Idarani kila siku ilifika taarifa kwamba abiria mmoja hakukaguliwa. Waziri aliuliza kama ni mmoja yuleyule. Wakamwambia ni yuleyule. Akauliza kama amebeba kitu. Wakamwambia amebeba hotpoti na ana fundo. Aliposikia fundo alisimama, akafunga mlango.

Mpelelezi akatumwa, bwana mmoja mwembamba aliyejifanya anauza vitana lakini hakumuuzia mtu hata kimoja. Taarifa yake ilisema kwamba mshukiwa anapoingia, watu wazima wanampisha kiti bila kulipwa. Kwamba wote wanamsalimia na yeye anawajua kwa majina. Kwamba wakaguzi wenyewe wanamwinamia. Alihitimisha kwamba hizo ni dalili za kiongozi.

*

Kamati ya Umri iliketi ghorofa ya saba, na lifti ilikuwa mbovu. Nilimsindikiza Bi Mize ili ashike mkono wangu. Tulipumzika kila ghorofa, naye akawasalimu walinzi wote, jambo ambalo mpelelezi aliliandika.

Waziri mwenyewe ndiye aliyeongoza kikao. Alimuuliza Bi Mize alizaliwa lini. Bi Mize alijibu kwamba alizaliwa mwaka wa nzige. Mtaalamu aliyeletwa alieleza kwamba nzige walikuja zaidi ya mara moja, na kisayansi hakuna sababu ya kuwaamini nzige wa kwanza kuliko wa mwisho. Kamati ikaona hoja hiyo ina uzito. Kisha wakatafuta umri utakaofaa. Mkaguzi mdogo kuliko wote alikuwa na miaka sitini na mmoja, kwa hiyo ili wakaguzi wote wawe wakubwa kwake, Bi Mize alipewa miaka sitini.

"Bibi, Serikali imekupunguzia miaka," Waziri alimwambia. "Wapo wengine wangeshukuru."

"Nashukuru, baba," alisema Bi Mize. "Na haya magoti, nayo mmeyapunguzia?"

Katibu aliandika kwamba magoti yako chini ya wizara nyingine. Tukateremka ngazi.

Umri huo ukatangazwa katika Gazeti la Serikali, na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kuujua mwingine.

Asubuhi iliyofuata gazeti lilikuwa halijafikishwa kwa wakaguzi wa treni, lakini langoni kwa mahabusu lilikuwa limefika. Koplo Ndelwa, mlinzi wa lango, alikuwa amelifungua mezani. Ni mtu mwema, aliyebakiza muda mfupi astaafu, na alikuwa akimpa Bi Mize kigoda kila siku. Siku hiyo alimtazama, akatazama gazeti.

"Mama," alisema. "Samahani. Dada."

Akamweleza taratibu, akionyesha kwa kidole. Bi Mize ana miaka sitini. Hidaya, kwa cheti chake, ana hamsini na mmoja. Mtoto wa miaka tisa hazai. Kwa hiyo Bi Mize si mama yake.

"Kama si mimi, ni nani?" aliuliza Bi Mize.

Koplo alitafuta kurasa zilizofuata. Akasema hilo halijatangazwa.

Hotpoti ilirudi nyumbani imejaa. Bi Mize aliiweka mezani, na yeye mwenyewe hakula. Nilipomwambia chakula kitachacha alisema na kichache, maana kule ng'ambo ya lango kuna mtu anakunywa maji.

*

Alfajiri alipika tena. Nikamuuliza anampelekea nani ilhali lango limefungwa. Akasema hajui, lakini hajawahi kuamka asipike. Nilikuwa na kazi ya kukaza mikanda katika behewa la pili, tukaenda pamoja.

Siku hiyo gazeti lilikuwa limewafikia. Mpelelezi alikuwa amesimama kando ya kiti cha Mzee Chande bila vitana, na karatasi ya utaratibu mkononi. Utaratibu ulikuwa na hatua zake, na hazirukwi: mdogo ataamkia, mkubwa ataitikia, kisha mkubwa ataomba tiketi. Mzee Chande alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesoma sakafu.

Bi Mize alipanda. Watu wawili waliinuka kumpisha, mpelelezi akawatazama, wakakaa tena. Treni ikaanza kwenda. Bi Mize akaishika ile hotpoti vizuri, akasogea mpaka mbele ya kiti, akapiga goti kidogo, kwa shida, kama msichana anavyofundishwa.

"Shikamoo, baba," alisema.

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Nilisikiliza sana, na mimi nilikuwa karibu. Serikali ilikuwa imemwambia yeye ni mdogo, na mdogo huamkia.

Mzee Chande alishika mkanda wa kiti. Akageukia dirishani.

"Itikia, mzee," alisema mpelelezi.

"Siwezi."

"Ni neno moja tu."

"Nalijua," alisema Mzee Chande. "Nikiliitikia, mimi alinibeba nani?"

Mpelelezi alitazama karatasi yake. Hatua ya tatu haikuweza kufikiwa bila ya pili. Tukapita Kwa Mkemia. Bi Mize aliamkia tena, akisema labda baba hakusikia kwa sababu ya kelele za magurudumu. Tukapita Mnara. Mwuza kuku alikuwa macho siku hiyo, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Jirani yake alimtazama, kisha akatazama bango, kisha akampa leso. Mzee Chande alishikilia mikono ya kile kiti kana kwamba kona ilikuwa kali, na reli pale imenyooka.

Mwisho wa Reli tulishushwa sote. Mzee Chande alishtakiwa palepale stesheni kwa kosa la kukataa salamu akiwa kazini. Walimfungua mkanda wakampeleka nyuma ya karakana, kwa kuwa mahabusu ni ileile kwa wenye tiketi, wasio na tiketi, na wanaozitafuta. Mpelelezi alitaka na Bi Mize akamatwe, lakini hakupata kifungu. Bi Mize alikuwa ametimiza hatua yake, tena mara mbili.

Tulisimama nje ya lango. Nilimwambia turudi nyumbani, jua linapanda. Alikuwa anatazama walivyomwingiza Mzee Chande, mmoja kila upande. Kisha akaniuliza Chande ana miaka mingapi kwa Serikali.

Themanini na mmoja, nikamwambia.

"Na mimi?"

Sitini.

Alijifunga kanga upya, akaenda langoni peke yake. Nilimfuata nyuma kwa hatua chache.

"Unamletea nani?" aliuliza Koplo Ndelwa.

"Baba yangu," alisema Bi Mize. "Kaingia sasa hivi. Anaitwa Chande."

Koplo alifungua gazeti. Akaweka kidole cha kushoto kwenye umri mmoja na cha kulia kwenye wa pili, akahesabu kwa midomo. Alihesabu tena. Kisha akalifunga.

"Mna tofauti nzuri," alisema. Akaipima hotpoti kwa mkono. "Lakini baba yako anakula sana."

"Ni mzee, Koplo. Anakula polepole, ila anakula vingi."

Koplo akaichukua. Ninashuku kwamba alielewa. Uso wake haukuonyesha kitu, na mimi sina ushahidi.

Uani kwa mahabusu kuna benchi moja refu, na kupitia wavu tuliwaona. Mzee Chande alikaa, akaifungua hotpoti magotini, akala matonge mawili kwa heshima ya mpishi. Kisha akaisogeza kwa mwanamke aliyekuwa pembeni yake. Hidaya alikula kwa haraka mwanzoni, halafu akajizuia, akala taratibu. Alipoinua kichwa alituona.

Gazeti la Serikali lilikuwa limebandikwa ndani pia, kila mtu alisome. Hidaya alisimama, akasogea hadi kwenye wavu. Koplo na mpelelezi walikuwa hapo.

"Shikamoo, dada," alisema.

Bi Mize alishika wavu kwa mikono miwili. Nilidhani na yeye itamshinda.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Marahaba, mdogo wangu. Umekula?"

Hidaya alisema amekula.

*

Tangu hapo Bi Mize ameendelea kupanda treni kila asubuhi, kwa tiketi, na kila asubuhi mkaguzi mwingine anawekwa kwenye kile kiti, na Bi Mize anamwamkia kwa utaratibu. Wazee wale wamekulia mtaa mmoja. Asiyebebwa naye alipikiwa naye, na asiyepikiwa naye aliwahi kuchapwa naye kwa kuiba maembe. Mpaka sasa hakuna aliyeweza kuitikia. Wameingia mahabusu mmoja baada ya mwingine, wengine wakibeba blanketi zao kutoka nyumbani kabisa. Na kwa kuwa kila mmoja ni mkubwa kwa Bi Mize kisheria, na Koplo Ndelwa hahesabu tena tofauti ya miaka, kila mmoja amemwandikisha langoni kuwa binti yake. Chakula kinachoingia sasa kinawatosha wao, na Hidaya, na wale ambao wazazi wao walikufa na watoto wao wako mbali.

Waziri amepewa taarifa. Amesema tangu aingie katika utumishi wa umma hajaona mtandao uliojificha namna hii, ambapo mwanamke wa miaka sitini ana baba zaidi ya mmoja, tena wa makabila mbalimbali. Imeundwa Kamati ya Uzazi ili kumtambua baba halisi. Itaketi kesho, na nauli itapanda kidogo kuigharimia. Nimeambiwa niandae viti.

Sikuvianza. Jioni hii tuko uani na gunia la mihogo. Tulianza kumenya baada ya alasiri, Bi Mize kwenye kigoda, mimi kwenye kreti, na kwa mazoea ya kazi nilikuwa nakata vipande vyote urefu mmoja. Aliliona hilo, akacheka, cheko la kwanza tangu Hidaya akamatwe. Kisha akatazama ukutani, upande wa barabara, kuona kama kuna aliyesikia.

Kiza kilipoanza kuingia gunia lilikuwa nusu bado. Nilitaka kuwasha taa tuendelee. Akachukua kisu changu, akakifuta kwenye pindo la kanga, akakiweka juu ya mihogo.

"Acha, fundi," alisema. "Iliyobaki kesho. Baba zangu hawaendi popote."